Uzi maalumu: Kuchagua programu ya kompyuta kwa ajili ya barua pepe na vikundi vya Usenet

#1, Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Swali ambalo wateja wangu huniuliza kuliko yote, ana kwa ana na kwa simu, ni kwamba waweke programu ipi ya barua pepe kwenye kompyuta ya ofisini, nami kwa miaka mingi nimekuwa nikijibu kwa mkato, "weka Thunderbird," kisha naendelea na kazi nyingine. Jibu hilo si baya, lakini mwezi uliopita lilinitokea puani, na ndiyo sababu nimeona niandike kwa kirefu ili anayechagua ajue anachagua kwa kigezo gani, na wenye uzoefu tofauti wanirekebishe.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Tanga. Nahudumia ofisi ndogo ndogo, mawakala wa forodha, shule, zahanati, pamoja na mzee mmoja mfasiri ambaye nitamrejea mara kwa mara katika uzi huu kwa kuwa mahitaji yake yamenifundisha kuliko ya wateja wengine wote. Mzee ana barua pepe za tangu mwaka 2006, amejiunga na orodha kadhaa za barua za watu wa fani yake (anwani ambazo barua moja ikitumwa huwafikia wanachama wote), na ni mmoja wa watu wachache sana ninaowafahamu ambao hadi leo huingia kwenye vikundi vya Usenet, yaani vikundi vya majadiliano ya maandishi mtandaoni, kila asubuhi kama wengine wanavyofungua gazeti.

Nilimwekea Thunderbird bila kufikiri mara mbili. Asubuhi moja akanipigia simu akaniambia, kwa upole unaotisha kuliko ukali, kwamba kikasha chake kilikuwa kitupu. Nilipofika nilikuta programu yake ya kukinga virusi ilikuwa imegundua barua moja yenye kiambatisho kibaya, na badala ya kuiondoa barua hiyo peke yake ikalichukua faili zima la kikasha na kulifungia karantini. Ni bahati tu kwamba lilikuwa bado halijafutwa. Nililirudisha, nikanywa chai yake kwa aibu, nikaenda zangu.

Ili muelewe kwa nini jambo hilo linawezekana, nendeni kwenye folda ya Thunderbird iliyo ndani ya AppData, folda iliyofichwa ya Windows, fungueni Profiles, na humo mtakuta faili linaloitwa Inbox ambalo halina nukta wala herufi tatu za mwisho kama mafaili mengine. Ukilifungua kwa Notepad, kama si kubwa mno, utaziona barua zako zote zimefuatana kama shanga, kila moja ikianza na mstari wenye neno From, chini yake vichwa vya barua, kisha matini yenyewe, kisha barua inayofuata. Mtindo huo unaitwa mbox, ni wa zamani kuliko wengi wetu tulivyozoea kompyuta, na uzuri wake ni kwamba programu nyingi za barua zinaweza kuusoma. Ubaya wake ndio huo nilioueleza: mayai yote yamo katika kikapu kimoja. Zaidi ya hayo, barua unayoifuta haiondoki pale pale, bali hutiwa alama tu na kuendelea kula nafasi mpaka folda ibanwe upya, na ndiyo maana unakuta mtu mwenye barua mia tatu ana faili la gigabaiti kadhaa.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nikichagua kwa sura. Kigezo changu cha kwanza sasa ni hiki: barua zinakaa wapi, katika umbo gani, na siku nitakapotaka kuhama nitatoka nazo vipi? Programu huja na kuondoka. Eudora, iliyoanza kuandikwa na Steve Dorner mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Illinois, ilipendwa kupita kiasi, na leo imebaki jina. Outlook Express ilikuwa kwenye kila kompyuta ya Windows XP niliyowahi kuifungua, kisha ikaja Windows Mail, kisha Windows Live Mail ambayo msaada wake ulikoma Januari 2017, halafu programu nyingine ya Mail ya Windows nayo ikafungwa mwishoni mwa mwaka 2024. Mtu aliyefuata njia hiyo hatua kwa hatua amehamisha barua mara nne, na kila uhamisho una zilizopotea.

Wapo watakaosema kwamba barua zote ziko kwenye seva, hivyo kivinjari kinatosha. Ninaheshimu hoja hiyo, lakini naomba mkumbuke Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, siku ambayo nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa. Wateja wangu waliotegemea kivinjari hawakuweza hata kuitazama ankara waliyotumiwa Ijumaa. Mzee alifungua programu yake, akasoma barua zake za juzi na za miaka kumi iliyopita, akaandika majibu, majibu yakakaa kwenye folda ya zinazosubiri kutumwa, na mtandao uliporudi yakaondoka yenyewe. Hali hiyo haitokei kwa bahati. Akaunti ya IMAP huacha barua kwenye seva na kukuonyesha taswira yake, kwa hiyo ni lazima uhakikishe kwamba programu imeagizwa kuweka nakala kamili kwenye kompyuta. Akaunti ya POP huleta barua kwako na, usipoizuia, huzifuta kwenye seva, jambo linalofaa kwa mwenye kompyuta moja na diski nzima, na ni msiba kwa wengine wote. Kwa mtu mwenye simu na kompyuta, IMAP yenye nakala ya ndani ndilo jibu, na sioni haja ya kulijadili zaidi.

Kigezo cha pili ni jinsi programu inavyopanga nyuzi za mazungumzo, na hapa ndipo wasomaji wa Usenet na wa orodha za barua wanapotofautiana na mtu anayepokea ankara tu. Kila barua ina nambari yake ya utambulisho, na kila jibu hubeba, katika kichwa kinachoitwa References, nambari za barua zilizolitangulia. Programu nzuri husoma nambari hizo na kukuchorea mti: nani alimjibu nani, tawi gani liliacha mada na kwenda kubishana kuhusu tahajia, na tawi gani lina jibu unalolitafuta. Programu mvivu hutazama kichwa cha habari tu, ikakusanya pamoja kila barua iliyoandikwa "Naomba msaada" hata kama zimepishana miaka miwili. Kwa kuongezea, wapo wenzetu wenye tabia ya kubonyeza kitufe cha kujibu kwenye barua ya zamani, kubadili kichwa na kuanza jambo jipya kabisa. Mti unaofuata References utaipachika barua hiyo mahali pasipoihusu, na lawama ataibeba programu ilhali aliyeuteka uzi ni mtu.

Kigezo cha tatu ni itifaki ya NNTP, inayobeba vikundi vya Usenet tangu ilipochapishwa mwaka 1986. Hapa mchujo unakuwa mkali. Outlook ya kulipia haikuwa nayo; ile ya bure, Outlook Express, ndiyo iliyokuwa nayo, na majina hayo mawili yanayofanana yamewachanganya watu kwa zaidi ya miaka ishirini. Outlook mpya inayokuja na Windows nayo haina, na zaidi ya hapo, ukiunganisha akaunti ya IMAP ya kampuni nyingine, barua zako hunakiliwa kwenye wingu la Microsoft ili programu izisome kutoka huko. Huenda wewe huoni tatizo. Wakala wa forodha mwenye nyaraka za wateja wake anapaswa angalau kujua jambo hilo kabla ya kubonyeza "endelea."

Zinazobaki ni chache. Thunderbird, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwezi Desemba 2004, inasoma barua, vikundi na milisho ya habari katika dirisha moja, na tangu toleo la 78 ina usimbaji fiche wa OpenPGP ndani yake bila kuongeza kitu. SeaMonkey ni mrithi wa ile Mozilla ya zamani yenye kivinjari na barua kwa pamoja. Ninaitaja kwa heshima tu. Claws Mail ni nyepesi, ina haraka, na huhifadhi kila barua kama faili lake lenyewe lenye namba, 1, 2, 3 na kuendelea, kwa hiyo programu ya virusi ikikamata barua moja, ni hiyo moja tu inayoondoka. Anayetaka kutenganisha mambo anaweza kuwa na programu yoyote ya barua na kuweka Pan pembeni kwa ajili ya vikundi tu.

Kwa ofisi ya kawaida bado nasema Thunderbird, ila baada ya kuiagiza programu ya virusi isiguse folda ya Profiles, na baada ya kuwasha, katika mipangilio ya faragha, ile ruhusa ya kuacha barua moja moja zikaguliwe zinapoingia kabla hazijachanganywa na nyingine. Kwa mzee bado sijaamua. Naomba kuwasilisha.

#2, Mchangiaji wa Mwanza

Mkuu, heshima kwako kwa uzi uliokwenda shule. Naomba kuuliza bila kukuudhi: mpaka leo tunajadili Usenet? Google wenyewe walifunga mlango mwezi Februari 2024, na ofisini kwetu vijana hawafungui barua pepe mpaka wapigiwe simu waambiwe kwamba kuna barua. Mambo yote yako kwenye kundi la WhatsApp. Sielewi mzee huyo anazungumza na nani huko.

#3, Mleta uzi

Ndugu yangu wa Mwanza, hujaniudhi hata kidogo. Nikuulize nawe: lile jibu zuri alilotoa fundi mwenzenu kuhusu printa mwezi Machi, unaweza kulipata sasa hivi kwenye kundi lenu la WhatsApp? Litakuwa limezikwa chini ya salamu za asubuhi, rambirambi na michango ya harusi. Mzee hupata majibu ya mwaka 2011 kwa kuandika neno moja kwenye kisanduku cha utafutaji, kwa kuwa makala yako kwenye diski yake.

Kuhusu Google, walichofanya tarehe 22 Februari 2024 ni kusitisha kupokea na kutuma makala mapya ya Usenet kupitia Google Groups. Usenet haikuwa mali yao. Ilibuniwa na Tom Truscott na Jim Ellis katika Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1979, na tangu mwanzo imejengwa kwa namna ambayo haina makao makuu: kila seva hupokea makala kutoka kwa jirani yake na kuyapitisha kwa jirani mwingine. Seva moja ikijitoa, njia nyingine zinabaki. Nitakuambia jambo ambalo wengi hawakulitarajia: matangazo ya taka yaliyokuwa yakimiminika kwenye vikundi yalipungua mno baada ya mlango huo kufungwa, maana mengi yalipitia humo humo. Ni kweli kwamba vikundi vingi ni magofu. Vile vya lugha za kompyuta na vya mfumo endeshi wa Linux bado vina watu, tena watu wanaojua wanachokisema, na ukumbuke kwamba Linus Torvalds alitangaza Linux kwenye kikundi cha comp.os.minix tarehe 25 Agosti 1991, na siku kadhaa kabla yake, mwezi huo huo, Tim Berners-Lee alieleza mradi wake wa Wavuti kwenye alt.hypertext. Ndio wahenga wa kijiji chenyewe.

Mzee hutumia seva ya Eternal September, ambayo ni ya bure kwa mwenye kujiandikisha na hubeba makala ya maandishi tu, si mafaili makubwa. Jina lake lina hadithi. Zamani kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo vya Marekani walipewa mtandao kwa mara ya kwanza, wakaingia Usenet na kuvuruga kila kitu kwa wiki chache mpaka wakafundishwa adabu za huko. Kuanzia mwaka 1993, kampuni kubwa za intaneti zilipowafungulia wateja wao wote, wageni wakawa hawaishi kuingia mwaka mzima, na wenyeji wakasema Septemba ile haikwisha tena.

Jambo la pili linalomweka mzee huko ni Gmane. Ni seva inayozigeuza orodha za barua kuwa vikundi, kwa hiyo badala ya kujiandikisha kwenye orodha na kupokea barua mia mbili kwa siku ndani ya kikasha kimoja na barua za wateja, anaichagua orodha kama kikundi, anasoma vichwa, anafungua anachotaka, na bando linapumua. Hiyo ndiyo sababu ya kutafuta programu moja inayofanya kazi zote mbili.

#4, Mchangiaji wa Dodoma

Kaka, asante kwa elimu hii. Mimi shida yangu ni ya nyuma zaidi. Nina diski ya kompyuta iliyokufa, ya Windows XP, na ndani yake kuna folda ya Outlook Express yenye mafaili yanayoishia na dbx. Humo kuna barua za marehemu baba kuhusu kiwanja, na familia inazihitaji. Nimejaribu kuyafungua kwa Thunderbird ya sasa, haiyatambui. Je, yamepotea?

#5, Mchangiaji wa Mombasa

Pole sana, dada. Hayajapotea, ila usiyaguse kwanza. Nakili folda nzima kwenye diski nyingine, na kazi yote uifanye kwenye nakala.

Outlook Express ilihifadhi kila folda katika faili moja la dbx, mpangilio wake si maandishi ya wazi kama mbox, na faili likikaribia gigabaiti mbili lilianza kuharibika. Kuna programu ndogo ya bure iitwayo UnDBX ambayo huingia ndani ya faili hilo na kuitoa kila barua kama faili la eml, na ina namna ya kujaribu kuokoa hata yale yaliyoharibika. Ukishapata mafaili ya eml, weka kwenye Thunderbird nyongeza inayoitwa ImportExportTools NG, tengeneza folda mpya chini ya "Local Folders," kisha uagize iingize folda nzima kwa mkupuo. Nimelifanya hilo kwa faili la megabaiti 900 na halikuchukua hata nusu saa. Viambatisho vilitoka salama. Kilichopotea ni alama za barua zilizosomwa na zisizosomwa, ambazo nadhani hazina uzito kwenu.

Mkipata barua za kiwanja, zihifadhini pia kwa umbo la eml zenyewe, maana vichwa kamili vyenye tarehe na njia iliyopitiwa vimo humo, na karatasi iliyochapwa haivionyeshi.

#6, Mchangiaji asiyetumia kipanya

Nimesoma yote kwa makini na nina rai moja. Mleta uzi amezungumza vizuri kuhusu mti wa mazungumzo, lakini ameacha jambo linalofanya vikundi vyenye vurugu viweze kusomeka, nalo ni kuzipa makala alama. Natumia Gnus, programu ya kusoma vikundi na barua ambayo huishi ndani ya kihariri cha maandishi cha Emacs. Nikikutana na mwandishi ambaye kila mara husema jambo la maana, nampandisha alama. Mtu anayetukana namshusha. Nyuzi nilizojibu mimi hupanda zenyewe. Na asubuhi nikifungua kikundi chenye makala mia nne, nakutana na thelathini za juu zilizokwisha kupangwa. Huko si kufuta, kwa maana yule mtukutu bado yupo chini kabisa, na siku akisema la busara na mtu mwema akamjibu, nitaliona. Thunderbird ina vichujio vya vikundi na namna ya kupuuza uzi mzima, jambo ambalo linatosha wengi, lakini hiyo ni ndiyo au hapana, haina katikati. Claws Mail na Pan zina alama. NeoMutt, programu ya barua ya kuandika amri bila kipanya, pia inazo, na husoma NNTP bila kuhitaji kiraka cha pembeni.

Nakiri kwamba kujifunza Gnus ni sawa na kujifunza kupika pilau kwa mwenye mkono mkali: utachapwa vidole mara nyingi kabla hujasifiwa. Simshauri mtu wa ofisi.

La pili ni adabu ya kunukuu. Programu yoyote mtakayoichagua, ikaguliwe namna inavyoandika jibu. Desturi ya vikundi na ya orodha nyingi za barua ni kukata maneno usiyoyajibu, kuacha sentensi unayoijibu ikiwa na alama ya > mwanzoni mwa mstari, kisha kuandika jibu lako chini yake. Saini hutanguliwa na mstari wenye vistari viwili na nafasi moja, na hiyo nafasi moja isiyoonekana ndiyo inayoiambia programu ya mwenzako kwamba kuanzia hapo ni saini, isinukuliwe. Thunderbird huiweka nafasi hiyo yenyewe, lakini barua mpya huitunga kwa HTML, mtindo wa kurasa za wavuti wenye rangi na majedwali, mpaka uizuie katika mipangilio ya akaunti, na ukituma HTML kwenye kikundi utajibiwa na watu ambao hawakuja kukukaribisha.

#7, Mchangiaji wa Mwanza

Haya, mmenishawishi nijaribu. Nimeweka Claws Mail kwenye kompyuta ya gigabaiti mbili za RAM, na imefunguka kabla sijaondoa mkono kwenye kipanya. Vikundi naviona. Ila akaunti yangu ya Gmail inakataa nenosiri, na nina uhakika ni lenyewe, nimeliandika mara tano.

#8, Mleta uzi

Nenosiri lako ni sahihi, mlango ndio uliobadilishwa kitasa. Tangu tarehe 30 Mei 2022 Google haipokei tena jina na nenosiri peke yake kutoka kwa programu za nje, na akaunti za Outlook.com zilifuata mkondo huo Septemba 2024. Kinachotakiwa ni OAuth2, utaratibu ambao programu inakufungulia ukurasa wa Google, unaingia huko, unakubali, na programu inapewa kibali badala ya nenosiri lenyewe. Kwenye Thunderbird ni kuchagua "OAuth2" kwenye njia ya uthibitishaji, kwa kupokea na kwa kutuma, na mambo yanakwisha. Watu husahau upande wa kutuma, ndipo wananipigia kwamba barua zinaingia lakini hazitoki.

Claws Mail ina OAuth2, lakini inakutaka wewe mwenyewe ukajiandikishe kwa Google kama mtengenezaji wa programu ili upate utambulisho wa kuujaza. Mtu wa kawaida hawezi kufika huko bila kukata tamaa. Njia nyepesi ni kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti yako, kisha kutengeneza nenosiri la programu, lile la herufi kumi na sita, na kulitumia hilo mahali pa nenosiri lako. Ukiibiwa kompyuta, unalifuta hilo peke yake na akaunti inabaki salama.

#9, Mchangiaji wa Dodoma

Nimerudi kushukuru. UnDBX imetoa barua 1,840. Ya kiwanja imepatikana, ya mwaka 2007, na kiambatisho cha ramani kipo. Kaka wa Mombasa, Mungu akuzidishie.

#10, Mleta uzi

Hongera, dada, hizo ni habari njema.

Nami nilete mrejesho wa mzee. Nilimpelekea Claws Mail kwenye kompyuta yangu, akaitumia siku tatu. Aliupenda wepesi wake na akaupenda zaidi ukweli kwamba kila barua ni faili lake, lakini wateja wake wa Ulaya humtumia barua zenye majedwali ya istilahi yaliyoandikwa kwa HTML, naye hulazimika kuyajibu ndani ya majedwali hayo hayo, na Claws Mail haitungi HTML kabisa, wala waandishi wake hawana nia ya kuibadilisha. Kwa hiyo tumebaki na Thunderbird, safari hii kwa sababu zinazojulikana.

Kinga ya virusi haigusi tena folda ya Profiles. Kila Ijumaa jioni anafunga programu kwanza, kwa maana kunakili faili la barua wakati linaandikwa ni kujitafutia nakala mbovu, kisha anainakili folda nzima kwenye diski ya nje ambayo nimeifunga kwa nenosiri. Naomba wenzangu mlizingatie hili la mwisho: ndani ya folda hiyo, kando ya barua, kuna mafaili mawili, logins.json na key4.db, na mwenye hayo mawili ana manenosiri yako yote yaliyohifadhiwa, isipokuwa kama uliweka nenosiri kuu. Nimewahi kuona fleshi yenye mafaili hayo imesahauliwa kwenye kaunta ya duka la kuchapa nyaraka.

Nilitaka kuijaribu nakala mbele yake, kwa kuwa nakala ambayo haijawahi kufunguliwa si nakala. Mjukuu wake ana kompyuta mpakato ya Linux. Tuliweka Thunderbird, tukaielekeza kwenye folda iliyotoka Windows, tukaifungua. Akaunti zote zilikuwepo, vikundi vyote vilikuwepo na alama za alikoishia kusoma. Mzee akaandika neno moja kwenye utafutaji, likatokea jibu la mwaka 2008 ambalo alikuwa ameandikiwa na mhariri mmoja kuhusu kutafsiri neno "mwambao." Akavaa miwani, akalisoma lote, akaniambia bado hakubaliani naye.

#11, Mchangiaji asiyetumia kipanya

Amjibu basi. Uzi uko wazi, na References zipo.